KABLA HUJASEMA KOMPYUTA IMEMFUNGA BINGWA, ULIZA KWANZA: DAKIKA NGAPI?



Wiki iliyopita kuna klipu ilizunguka sana kwenye simu za watu. Staa mmoja wa mjini, jina tuliache maana sina ugomvi naye, kajirekodi akicheza chesi na simu yake. Chesi, au sataranji kwa wale wa Kiswahili cha vitabuni. Wenzake wanaposti magari, yeye kaamua kuposti akili, na kwa hilo nampa heko. Tatizo ni kwamba kachapwa. Yaani kachapwa vibaya. Haijafika hata dakika mbili, malkia kaliwa, mfalme kabanwa kona, mechi imeisha. Chini akaandika kwamba hata mabingwa wa dunia wanafungwa na kompyuta, kwa hiyo binadamu kwisha habari yetu, tukalale.

Watu wakamwaga vicheko. Wengine wakasema huo ndo ukweli mtupu. Wengine wakaanza hotuba kwamba mashine zimeshatuzidi kila kitu, tusubiri tu kufukuzwa kazi. Mimi nikairudia ile klipu mara tatu, na wala sikuwa naangalia ubao. Nilikuwa naangalia kona ya juu, pale penye saa. Imeandikwa dakika 1.

Dakika moja, wadau. Kwa mechi nzima.

Nikasema hapana, leo naandika.

Msimamo wangu huu hapa, msije mkasema nimezunguka. Mtu akikwambia kompyuta imemfunga binadamu kwenye chesi bila kukwambia walipewa muda gani, hajakwambia kitu. Ni sawa na kukwambia fulani kamshinda fulani mbio, halafu hasemi kama ni mita 100 au ni kilomita 42. Kwa miaka mingi saa ndo ilikuwa inaamua nani ashinde kati ya mtu na mashine. Historia yake ipo wazi kabisa, ila watu wanaikumbuka nusunusu.

Kwa wasiocheza, ngoja niwaweke sawa kwanza. Kila mchezaji ana muda wake. Ukishacheza unabonyeza saa, yako inasimama, ya mwenzako inaanza kukimbia. Muda ukikuishia kwa kawaida umepoteza, hata kama jeshi lako limejaa ubaoni. Zile mechi ndefu za mabingwa, kwa miaka mingi, zilikuwa saa 2 kwa kila mchezaji kwa hatua 40 za mwanzo, halafu mnaongezewa. Gawanya hapo: wastani wa dakika 3 kwa hatua moja. Mechi ya dakika 25, kwa hatua 40 hizohizo, unabaki na sekunde 37 na nusu. Mechi ya dakika 5, sekunde 7 na nusu. Na ile ya staa wetu ya dakika 1? Sekunde 1 na nusu kwa hatua. Hata kuamua chipsi zako ziwekwe pilipili au zisiwekwe kunachukua zaidi ya hapo.

Sasa tuanze stori yenyewe, na tuanzie mbali kidogo.

Mwaka 1968 kulikuwa na mchezaji wa Scotland anaitwa David Levy. Jamaa aliweka dau na wataalamu wa kompyuta kwamba ndani ya miaka 10 hakutakuwa na mashine ya kumfunga yeye kwenye mpambano wa chesi. Muda ukaenda. Mwaka 1977 programu inaitwa Chess 4.6 ikamfunga Michael Stean, grandmasta wa Uingereza, kwenye mechi ya haraka. Grandmasta ndo cheo cha juu kabisa cha mchezaji wa chesi, na Levy mwenyewe hakuwa nacho. Ungedhani basi Levy kaliwa hela yake. Lakini mwaka 1978, kule Toronto, Levy akakaa na programu ya ukoo uleule, toleo jipya zaidi, Chess 4.7, wakacheza kwa muda mrefu wa mashindano. Levy akapoteza mechi moja tu, akashinda mpambano, akachukua hela yake.

Soma tena hapo. Mwenye cheo kikubwa kafungwa kwenye mechi ya haraka. Mwenye cheo kidogo kashinda mpambano wa muda mrefu, tena mashine ikiwa toleo jipya. Kati ya meza hizo mbili, kilichobadilika kwa faida ya binadamu ni saa.

Twende kwa Garry Kasparov sasa, maana huyu ndo kila mtu anamtaja. Bingwa wa dunia tangu 1985. Mwaka 1989 alikutana na kompyuta ya Deep Thought jijini New York, mechi mbili, akazichukua zote mbili. Mtu alikuwa hagusiki.

Halafu ikaanza ngazi. Mei 1994, Munich, Ujerumani, mashindano ya dakika 5. Programu ya Fritz 3 iliruhusiwa kuingia na kucheza na wakubwa. Ikamfunga Kasparov mechi moja, na mwisho wa siku wakalingana pointi kileleni. Ikabidi warudiane wao wawili, Kasparov akashinda, heshima ikabaki. Lakini ufa ulishaonekana.

Agosti mwaka huohuo, London, muda umepanda hadi dakika 25. Safari hii mpinzani ni programu inaitwa Chess Genius. Kasparov akapoteza ya kwanza, ya pili sare, akatolewa mashindanoni. Bingwa wa dunia katolewa na programu!

Februari 1996, Philadelphia, Marekani. Sasa ni mechi ndefu zenyewe, hatua 40 kwa saa 2. Deep Blue ya IBM ikashinda mechi ya kwanza. Ndo ilikuwa mara ya kwanza bingwa wa dunia aliye kwenye kiti kufungwa na kompyuta kwa muda kamili wa mashindano. Ila mpambano ulikuwa wa mechi 6. Kasparov akatulia, akamsoma mpinzani wake, akamaliza kwa 4 kwa 2. Mei 1997, New York, wakarudiana. Deep Blue ikashinda 3½ kwa 2½, na mechi ya mwisho iliisha kwa hatua 19 tu.

Umeiona ngazi? Kwanza bingwa anafungwa kwa dakika 5. Baadaye kwa dakika 25. Baadaye mechi moja ya muda mrefu. Mwisho mpambano mzima wa muda mrefu. Miaka 3 kamili, Mei 1994 hadi Mei 1997. Mashine ilipanda ngazi kwa mpangilio wa saa, kuanzia muda mfupi kwenda muda mrefu, haikuruka hata kidaraja kimoja. Sisi tunakumbuka 1997 tu kwa sababu ndo ilitangazwa dunia nzima.

Kama bado unabisha, ninayo moja ya kufunga mjadala. Mwaka 1998, kisiwa cha Ischia kule Italia, Viswanathan Anand wa India alicheza na programu ya Rebel 10. Anand wakati huo alikuwa kwenye kundi la wachezaji wachache kabisa wa juu duniani, na baadaye akawa bingwa wa dunia. Walicheza mechi 8, na utamu wake ni kwamba muda haukuwa mmoja. Mechi 4 zilikuwa za dakika 5 na sekunde 5 za nyongeza kila hatua. Mechi 2 za dakika 15. Mechi 2 za muda mrefu wa mashindano.

Matokeo? Zile za dakika 5, Rebel ilishinda 3 kwa 1. Zile za dakika 15, Rebel tena, 1½ kwa ½. Zile ndefu, Anand akashinda 1½ kwa ½. Jumla ikawa Rebel 5, Anand 3.

Mtu yuleyule, programu ileile, kisiwa kilekile. Sasa niambie, nani alikuwa bora? Ukijibu bila kutaja saa, umejibu hewani. Anayeipenda mashine atakwambia 5 kwa 3. Anayempenda Anand atakwambia kwenye chesi yenyewe ya muda mrefu mtu kashinda. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanaficha nusu.

Kwa nini iko hivi? Hapa ndo penye utamu, vumilieni kidogo.

Kompyuta ya enzi zile ilikuwa inafanya kazi kwa kuhesabu. Nikicheza hivi, akijibu hivi, nikifanya vile. Deep Blue ilikuwa inapitia takriban nafasi milioni 200 kwa sekunde moja. Kwa dakika 3 ni bilioni 36. Mtu akisikia hivyo anaogopa, sawa. Lakini angalia ikibanwa: ipe sekunde 7 na nusu tu, bado inapitia bilioni 1 na nusu. Siyo haba hata kidogo. Na kwa sababu kila hatua unayotaka kuona mbele zaidi inazidisha kazi mara kadhaa, ule muda mwingi wa ziada unaipa mashine hatua chache tu za kuona mbele zaidi. Kwa kifupi, ukiiharakisha mashine inapunguza kidogo, haiharibiki. Haitoi malkia bure eti kwa sababu imekimbizwa.

Sasa njoo kwa mtu. Bingwa hapitii milioni 200 za kitu chochote. Anaangalia ubao, macho yake yamezoea maelfu ya michoro ya mechi, na hatua mbili tatu nzuri zinamjia zenyewe. Ukimpa sekunde 7, anacheza ile iliyomjia kwanza. Mara nyingi ni nzuri. Lakini hajapata nafasi ya kujiuliza swali moja la maana kuliko yote: akinijibu hivi, je? Ukimpa dakika 3, au ukimwacha atumie dakika 20 kwenye hatua moja ngumu, anajiuliza. Anakuta shimo. Anabadilisha mawazo. Anatengeneza mpango wa hatua 15 mbele ambao mashine ya zamani ilikuwa haiuoni kwa sababu uko nje ya upeo wake.

Muda kwa binadamu ni nafasi ya kujisahihisha. Makosa mengi ya wachezaji wakubwa hayatokani na kutojua. Yanatokana na kutorudi kuangalia. Na ongeza presha: saa imebaki sekunde 20, mkono unatetemeka, jasho linatoka, kete inaanguka ukiisogeza. Mashine haina jasho.

Najua kuna mjuaji atakuja hapa na Hikaru Nakamura. Sawa, tumpe haki yake. Mwaka 2008, mtandaoni, Mmarekani huyo alicheza na programu ya Rybka, dakika 3 tu, akaifunga kwa hatua 271. Aliufunga ubao, hakuna pa kupita, akawa anazungusha tu kete hadi mashine ikaanza kujiharibia yenyewe kwa kukwepa sare. Ni mechi tamu na inachekesha. Lakini imekuwa maarufu kwa sababu ni ajabu. Hakuna anayeposti jua limechomoza mashariki.

Sasa na mimi niwe mkweli, maana ukisifia upande mmoja tu unakuwa chawa. Muda mrefu haukuwa dawa ya kila kitu.

Oktoba 2002, Manama, Bahrain, Vladimir Kramnik, aliyekuwa amemvua Kasparov ubingwa mwaka 2000, alikutana na Deep Fritz kwa mechi 8. Baada ya mechi 4 alikuwa anaongoza 3 kwa 1. Watu wakasema mashine imepatikana. Mechi ya 5 akafanya kosa la hatua moja, la kutoamini, akapoteza. Ya 6 akapoteza tena. Mwisho ikawa 4 kwa 4. Juni 2005, London, Michael Adams wa Uingereza, mchezaji wa kumi bora duniani, alikutana na mashine inaitwa Hydra kwa muda kamili wa mashindano. Alipata sare moja tu. 5½ kwa ½.

Halafu Novemba 2006, Bonn, Ujerumani. Kramnik na Deep Fritz tena. Mechi ya 2, Kramnik akasogeza malkia wake, na Fritz ikampiga chekimeti kwa hatua moja. Hatua moja! Kitu ambacho mtoto wa klabu anakiona. Na hapa saa haikuhusika. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba mstari ule alikuwa ameupigia hesabu mara nyingi, akaurudia tena na tena, halafu giza likamwingia tu. Mpambano ukaisha Fritz 4, Kramnik 2.

Kwa hiyo saa ndefu ina bei yake. Inakupa nafasi ya kufikiri, lakini inataka ukae macho saa 5 au 6, leo, keshokutwa, na mtondo, mbele ya kitu ambacho hakichoki, hakiendi chooni na hakiwazi kodi ya nyumba. Saa fupi inakuua kwa haraka, saa ndefu inakuua kwa uchovu. Tofauti ni kwamba kwenye ndefu unapata nafasi ya kuonyesha wewe ni nani kabla hujachoka.

Na baada ya hapo mlango ukafungwa. Mwaka 2009, Buenos Aires, Argentina, programu ya Pocket Fritz 4 ikiwa ndani ya simu ya mkononi ilishinda mashindano ya watu kwa pointi 9½ kati ya 10. Simu, wadau! Na simu ya 2009 mnaijua ilivyokuwa. Leo programu ya bure kwenye simu yako ya kawaida, ile yenye kioo kilichopasuka, inamfunga bingwa yeyote wa dunia, umpe dakika 5 au umpe siku nzima. Hapo staa wetu yuko sahihi, nisimnyime.

Sasa swali linakuja: kama mashine inashinda muda wowote, hii saa unayoipigia kelele ina faida gani tena?

Ngoja niwaambie ya nyumbani kwetu.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Mwaka jana alianza kwenda kwenye kikundi cha chesi cha Jumamosi, kinafundishwa na dada mmoja mtulivu sana, sisi tunamwita Kocha. Dogo alikuwa na moto. Halafu akapakua programu kwenye simu ya mama, akawa anacheza nayo usiku, kiwango cha juu kabisa, dakika 1. Kwa sababu klipu zote anazoziona mtandaoni ni za dakika 1. Akafungwa. Akarudia. Akafungwa. Usiku mmoja alifungwa mechi arobaini na kitu, hadi bando la mama likakata. Jumamosi iliyofuata hakwenda. Na ile nyingine hakwenda. Nikamuuliza, kulikoni? Akanijibu bila kuniangalia: "Bro, mimi sina akili ya vile vitu."

Iliniuma, sitawadanganya. Miaka 15, kashajiandikia hukumu, na hakimu ni simu.

Nikampigia Kocha. Hakunipa nasaha ndefu. Akaniuliza: "Alikuwa anacheza dakika ngapi?" Nikamwambia. Akacheka kidogo, akasema mlete. Alipofika hakumwambia ana kipaji wala nini. Akamshushia simu kiwango, akamwekea dakika 30, akampa daftari. Kila anaposimama kufikiri zaidi ya dakika 2, aandike alikuwa anawaza nini. Mechi ikiisha, kwanza asome daftari lake, aseme mwenyewe alikosea wapi, ndo afungue mashine imwonyeshe.

Dogo bado anafungwa. Nisiwadanganye kwamba kawa bingwa. Lakini juzi alikuja kunionyesha ukurasa mmoja, kaandika: "Hapa niliogopa farasi bila sababu." Nilisoma ule mstari nikanyamaza. Hicho ni kitu ambacho hakionekani kwenye mechi ya dakika 1, kwa sababu hakuna muda wa kujua kwamba umeogopa.

Hiyo ndo faida ya kwanza ya saa leo. Haitusaidii tena kuishinda mashine. Inatusaidia kujifunza kutoka kwake bila kuvunjika moyo. Na hata wachezaji wa kulipwa wana mtego uleule. Wanafanya mazoezi na mashine kila siku, na mashine inatoa jibu kabla hujamaliza kuuliza. Ukizoea kufungua jibu sekunde ya kwanza, kichwa kinalala. Halafu unafika kwenye meza, hakuna simu, saa inakimbia, na hujawahi kujizoesha kukaa peke yako na swali gumu.

Faida ya pili ndo iliyonishangaza kuliko zote. Mnajua udanganyifu umekuwa ugonjwa kwenye chesi ya mtandaoni. Mtu anacheza huku pembeni ana programu inamwambia hatua. Moja ya vitu vinavyowakamatisha ni saa. Hatua rahisi kabisa, ambayo kila mtu angecheza bila kufikiri, jamaa anachukua sekunde 6. Hatua ngumu kupindukia, ambayo grandmasta angekaa nayo dakika 10, jamaa anachukua sekunde 6. Rahisi 6, ngumu 6, kama bomba linalodondosha matone. Binadamu hachezi hivyo. Binadamu anaenda mbio pale palipo wazi na anasita pale palipo pagumu.

Yaani miaka ya 90 saa ilikuwa inapima nani mwenye nguvu kati ya mtu na mashine. Leo saa hiyohiyo inatumika kutambua nani kati yao ni mtu. Na alama ya mtu ni kusita mahali panapostahili kusitwa.

Ndo maana sikubaliani na upepo wa sasa wa kusema mechi ndefu zimepitwa na wakati, tubaki na za haraka tu. Msinielewe vibaya, za haraka nazipenda, naziangalia hadi usiku wa manane, ni burudani tosha. Na wako wachezaji wakubwa wenyewe waliochoshwa na zile ndefu. Magnus Carlsen mwaka 2022 alitangaza hatatetea tena taji lake la dunia la mechi ndefu, na ni haki yake. Lakini tukizifuta kabisa, tutakuwa tumebakiza uwanja mmoja tu, ule ambao mashine ilitufunga mapema kuliko zote. Tutakuwa tumehamia wenyewe nyumbani kwa mpinzani, tumelipa na kodi.

Hata kijiweni kwetu kwenye drafti wazee wanalijua hili bila kusoma popote. Kuna kijana wa bodaboda anacheza kama anakimbizwa, pa, pa, pa, watu wanashangilia. Na kuna mzee mmoja anashika kidevu, anaangalia ubao hadi chai inapoa, vijana wanampigia kelele acheze. Hachezi mpaka awe tayari. Jioni ukihesabu nani kala wengi, unajua mwenyewe.

Kwa staa wetu: kaka, klipu yako ilikuwa nzuri na taa zako za chumbani ni kali. Ila umewaambia maelfu ya watoto kwamba wamekwisha kwa ushahidi wa sekunde 1 na nusu. Rudia ile mechi. Weka dakika 15, shusha kiwango, na uongee kwa sauti unachowaza kila unaposita. Utafungwa tena, pengine. Lakini safari hii tutakuona wewe, siyo malkia wako akiliwa tu. Ukikosa wa kucheza naye, njoo kijiweni, mimi nipo, na chai nalipa. Sharti langu moja tu, saa tuiweke mezani tuione wote.

Haya wadau, uwanja wenu. Wewe ukicheza na simu unaweka dakika ngapi? Na unadhani mabingwa waendelee na mechi za saa 5, au tubaki na za dakika 3 tu? Dondosha maoni hapo chini. Na msijibu haraka.